Haidari Hakupiga Magoti

Alhamisi, 16 Oktoba 1997. Waberi, Garissa

Mvua ya kwanza ilianguka basi la Nairobi likiingia stendi, kwa hiyo gazeti la wiki limenifikia kona zake zimelowa. Hadithi iko ukurasa wa kati. Haikuguswa, alhamdulillah.

Naanza daftari hili kwa sababu nimechoka kubishana kwa mdomo. Dada yangu Ilhan hasomi Kiswahili, wala jirani yetu muuza maziwa ya ngamia, Timiro, tunayemwita Eeddo, shangazi. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanakaa mkekani, nami nawasomea kipande kipya na kukitafsiri kwa Kisomali. Leo ni sehemu ya kumi na tisa. Haidari, mwenye mashamba ya chumvi huko pwani, amemwoa Zena ili alipize kisasi kwa baba yake Zena. Leo amefungua barua ya mama yake Zena na kuwasomea wageni, akibadilisha maneno ili wacheke. Zena mwenyewe alikuwa hapo hapo anawamiminia kahawa.

Nilipomaliza nilisema, "Mtu huyu ni mnyama."

Ilhan alijifuta macho kwa pindo la mtandio wake wa garbasaar. "Ameumia, abaayo, dada yangu. Mtu asiye na jeraha hafanyi hivyo."

"Aliyeumia ni Zena."

"Zena anapendwa. Hajajua tu."

Eeddo Timiro aliuliza kama ni kweli chumvi inavunwa shambani kama mahindi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo ni siku ya kumi na moja tangu shemeji yangu Mustafe aache kusema na Ilhan. Kosa lenyewe hili: mbele ya wageni Mustafe alisema beberu mkubwa wa mbuzi wake alimnunua Wajir, Ilhan akasema, "Si Modogashe?" Basi. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimnyamazia tu.

Tangu hapo anasema naye kupitia kwangu. Jioni hii aliketi, akagusa kikombe, akaniangalia mimi. "Mwambie dada yako chai imepoa." Ilhan alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika birika. Naye akaniambia, "Mwambie naipasha moto." Nikawa sina la kumwambia mtu yeyote, maana kila mmoja alikuwa amesikia.

Nilitoka Mandera mwaka jana kuja kukaa nao nilipopata kazi ya kupiga taipu ofisi ya mifugo. Mama alisema, "Kaa na dada yako, yuko peke yake." Nilidhani anamaanisha kwamba ana miaka sita ya ndoa bila mtoto.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sehemu ya ishirini. Haidari amemhamishia Zena stoo ya magunia. Ilhan anasema amefanya hivyo kwa sababu anaogopa kumwona usingizini asije akamsamehe. Sijui anayatoa wapi. Mwandishi anaandika mstari mmoja, Ilhan anajaza kumi.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua siku ya tano mfululizo. Choo cha Eeddo Timiro kimebomoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Gazeti limekuja limechelewa, na kondakta anasema huenda ni la mwisho; barabara inaliwa na maji upande wa Mwingi. Haidari hajasema na Zena siku arobaini. Niliposoma hapo nilimtazama Ilhan. Ilhan aliinama mbele, macho yanang'aa, kama mtu anayesikia habari za nyumbani.

"Arobaini," alisema. "Sisi bado."

Alhamisi, 13 Novemba

Hakuna basi. Barabara imekatika, na watu wa bula za chini, vijiji vya kando ya mto, wamehamia madarasani na mbuzi wao. Nilipotoka kazini nilimkuta Ilhan ameshaoga, ametandika mkeka, ameketi. Usoni kwake kulikuwa na kitu ambacho sikuweza kukiambia hakuna gazeti. Nikaenda ndani, nikachukua gazeti la Oktoba, nikaketi nikalifungua, nikasoma kisichokuwemo.

Nilimfanya Haidari awaite wafanyakazi wa chumvi, awapange mstari, awaulize mmoja mmoja mbele ya Zena: "Wewe ungemchukua huyu?" Wa kwanza akacheka, wa pili akatema mate, wa tatu akasema labda kwa kupikia. Niliendelea hadi wa saba. Nilitaka Ilhan atapike. Nilitaka amchukie mpaka chuki imwagike, imfikie na mwingine. Na naandika ukweli, maana daftari hili halina msomaji mwingine: nilifurahia. Ilikuwa rahisi sana kumtesa Zena.

Nilikunja gazeti. Eeddo Timiro alisema, "Astaghfirullah."

Ilhan aliuliza, "Alipokuwa anawauliza, alikuwa anaangalia wapi?"

"Nani?"

"Haidari. Macho yake. Hawakuandika?"

Sikuwa nimefikiria macho yake. "Chini," nikasema.

"Umeona," alisema dada yangu, na akaenda kupika akitabasamu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimemfanya amnyoe nywele. Ilhan kamsamehe kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Alhamisi, 27 Novemba

Hatukusoma. Ilhan ana malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mustafe alikuja hadi mlangoni, akasimama na viatu vyake vya matope.

"Mwulize kama ataishi," aliniambia.

Nilimtazama. Nilitaka kumrushia beseni. Kutoka kitandani Ilhan akasema, meno yakigongana, "Mwambie inshallah."

Akaondoka. Alasiri tulikuta pakiti ya dawa dirishani, imefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki isilowe. Duka la dawa lililo wazi siku hizi ni moja tu, na kufika huko ni kupita maji ya kiuno. Ilhan aliishika ile pakiti muda mrefu kabla hajaifungua. Baada ya kumeza aliweka ile plastiki chini ya mto.

Siku ya arobaini na tisa. Nimemwambia, "Dawa hata adui anampelekea adui."

"Adui hafungi na plastiki," alisema.

Jumatano, 3 Desemba

Mto umepanda tena. Ilhan anakaa, anakula uji.

Alhamisi, 11 Desemba

Ofisini nachapa barua moja ile ile asubuhi hadi jioni: msichinje, msile nyama ya mnyama aliyekufa, msiguse mimba za mbuzi zilizoharibika kwa mikono mitupu. Mbuzi wanatoka damu puani na kufa wakiwa wamesimama. Wafugaji waliokuja kwa miguu kutoka mashambani wanasoma barua zangu ukutani, au wanasomewa, kisha wanakaa chini hapo hapo penye matope.

Nilirudi mapema. Mustafe alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti, amempakata mwanambuzi mapajani. Sikujua kama wa kwake bado wako hai hata mmoja. Alikuwa anamfuta pua kwa kitambaa chake cha kichwani, anachovya majini, anafuta tena, polepole, na alikuwa anasema naye. Sikuyasikia maneno. Sauti yake ilikuwa laini. Sikuwahi kuisikia hiyo sauti katika nyumba hii. Niliikumbuka ile barua yangu ya ofisini, nikataka kumwambia asishike ile damu. Sikuweza. Mwanambuzi alikufa, naye akabaki amempakata, mabega yanamtikisika.

Nilirudi nyuma bila kelele. Kwa mara ya kwanza nimejiuliza kama Ilhan ndiye anayesoma vizuri, na mimi ndiye mjinga.

Alhamisi, 18 Desemba

Ilhan amekonda. Mifupa ya shingo yake inahesabika. Alikaa mkekani akasema, "Leo lazima kuna kitu. Sabini, abaayo. Hakuna mwanamume anayefika themanini."

Wiki nzima nilikuwa na yule mwanambuzi machoni. Basi nikafungua gazeti la Oktoba na kumpa dada yangu alichokuwa anakingoja. Nilisoma kwamba Zena alimwendea Haidari penye chumvi, akasimama mbele yake, akasema: nipe talaka yangu niende. Nikasoma kwamba Haidari alipolisikia neno hilo koleo lilimwanguka mkononi. Kwamba alipiga magoti kwenye chumvi, akamshika Zena miguu, akasema: adhabu yote hii nilikuwa najiadhibu mwenyewe. Nilisoma vizuri. Hata Eeddo Timiro alilia, na yeye alizika waume wawili bila chozi.

Nilipokuwa nakunja gazeti nilikuwa nalia mimi pia. Nilimwamini Haidari. Nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe dakika hiyo hiyo na nilimwamini.

Ilhan hakulia. Alikaa amenyooka. "Kumbe neno lilikuwa hilo," alisema.

Jumatatu, 22 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mustafe alirudi adhuhuri, akala. Ilhan alikuwa amevaa nguo yake ya Idi, ile ya kijani, amejipaka manukato. Nilidhani ni kwa sababu amepona. Alikuja akasimama mbele yake, karibu kabisa. Mikono yake ilitulia.

"Mustafe," alisema, "nipe talaka yangu niende."

Nilikuwa mlangoni na sinia. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno.

Mustafe aliweka tonge chini, akamtazama usoni. Siku sabini na nne hakuwa amemtazama, na uso wa Ilhan ulifunguka chini ya macho yale kama wa mtoto anayeitwa. Alikuwa anangoja. Niliona anateremsha macho kidogo, sakafuni mbele ya miguu yake, mahali ambapo mtu angepiga magoti.

"Umeachwa," alisema Mustafe.

Alinawa mikono na kukausha kidole kimoja kimoja.

"Subiri," Ilhan alisema. "Mustafe, subiri."

Mustafe akanigeukia mimi. "Mwambie mjomba wenu wa Galbet aje achukue vitu vyake."

Ilhan alibaki amesimama hadi adhana ya alasiri. Nilipomgusa aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikosea wapi? Nilisema kama Zena alivyosema."

Jumanne, 23 Desemba

Mjomba wetu, Abti Salat, hawezi kutuchukua. Nyumba yake ya Galbet ina familia tatu zilizokimbia maji. Tuko chumbani kwa Eeddo Timiro. Ilhan amelala kaangalia ukuta.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Nina wino kidoleni. Ilhan hakutoka.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Ramadhani imeingia, na mvua haijui. Leo nimerudi kule kuchukua sanduku la Ilhan.

Mustafe alikuwa ameketi barazani, chini ya dirisha la chumba tulichokuwa tunasomea. Zizi lilikuwa tupu, limemwagiwa majivu. Alinikaribisha kwa heshima, kwa jina langu.

"Kaa, Ruweyda. Sanduku liko tayari." Kweli lilikuwa tayari, limefungwa kamba. Kisha akasema, "Lile gazeti lilikuwa la Oktoba."

Nilishika kamba ya sanduku.

"Nilikuwa nakaa hapa kila Alhamisi. Nasoma Kiswahili, umesahau? Nililiona jikoni, nikaangalia tarehe. Ulikuwa unatunga." Hakuwa na hasira. "Wale wafanyakazi saba, nilicheka peke yangu hapa nje. Ulitunga vizuri. Sehemu ya magoti ndipo ulipokosea."

"Ulijua ni maneno yangu," nilimwambia. "Alipokuja mbele yako ulijua anangoja nini."

"Nilijua."

"Na ukafanya."

"Dada yako alinifanya mtu mwema," alisema. "Kila nililomfanyia alinitafutia sababu. Unajua kuishi hivyo? Unapiga kelele ndani ya shimo na shimo linakushukuru. Nilinyamaza nione atachukia lini. Hakuchukia. Wewe ulinichukia tangu siku ya kwanza. Wewe ulinijua."

Mvua ilizidi, nikashindwa kuondoka. Aliniambia juu ya mbuzi wake, jinsi walivyokwisha ndani ya siku tisa. Aliniambia juu ya beberu mkubwa. Alimtaja kwa jina alilompa. Alisema kweli alimnunua Modogashe. Kisha akasema eda ya Ilhan ikimalizika hakuna haramu, na kwamba angependa kutuma wazee kwa Abti Salat. Kwa ajili yangu.

Ningepaswa kusimama. Naandika kilichotokea: joto lilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni, na halikuwa joto la hasira peke yake.

"Nitafikiria," nilisema. Nikabeba sanduku.

Ilhan aliuliza, "Alisema kitu?"

"Hakusema kitu."

Jumapili, 4 Januari

Nimefunga, sina kiu, sina njaa. Ofisi inafunguliwa hata Jumapili siku hizi kwa ajili ya mbuzi; nilichapa barua moja mara tatu nikikosea.

Nimejaribu kumwona kama alivyo. Kila nikianza, yule mwanambuzi anaingia katikati. Nimejikuta nafikiri kwamba mimi nisingeumia, kwa kuwa mimi nisingemwamini. Kwamba kwangu angesema. Nimefikiria hata kitanda kingekaa upande gani, mbali na ule ukuta unaogongwa. Ilhan alikuwa amelala mkono mmoja kutoka kwangu, anakoroma kidogo. Nilimwonea hasira kwa kukoroma.

Jumatatu, 5 Januari

Asubuhi nilienda nikamwambia hapana. Nilisema nikiwa nimesimama uani, sikuketi. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitaka.

"Umechelewa kukataa," alisema. "Wazee walikwenda Galbet jana."

Nilikimbia. Maji yalikuwa magotini, na kiatu kimoja kilibaki huko. Abti Salat alikuwa ameshafika kwa Eeddo Timiro, ametoka muda huo huo. Ilhan alikuwa ameketi juu ya sanduku lake.

"Nimemkataa," nilisema. "Sasa hivi natoka huko."

"Kwanza nataka kujua jambo lingine," alisema. "Abti anasema wazee walicheka, wakasema bibi harusi ni mtunzi. Mtunzi wa nini?"

Nikamwambia. Gazeti la Oktoba, wafanyakazi saba, nywele, magoti. Eeddo Timiro aliacha kuchambua mchele wa futari. Ilhan alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jinsi alivyokuwa akisikiliza Alhamisi.

"Uliandika niombe talaka."

"Niliandika apige magoti, abaayo."

"Uliishi nyumba ile. Ulikuwa unajua nani anaishi mle." Alizungumza polepole. "Haidari sikumtunga mimi. Nilifikiri kuna mtu huko Nairobi, mtu mzima, anayejua wanaume, ameketi anaandika. Kumbe ni wewe."

Nililia. Aliniangalia nikilia, na nilitafuta usoni kwake ile huruma aliyokuwa akiimwaga kwa kila mtu, hata kwa mtu wa gazeti. Haikuwepo.

"Sasa nimejua kuchukia," alisema. "Mpelekee habari, atafurahi."

Jumanne, 13 Januari

Ndege ndogo ya msaada iliyoleta unga imemchukua Ilhan hadi Mandera. Abti Salat alimwombea nafasi uwanjani. Ilhan alimkumbatia Eeddo Timiro. Mimi nilibeba sanduku mpaka kwenye uzio wa waya wa uwanja, akalichukua hapo.

Jumatatu, 26 Januari

Eeddo Timiro ananipa chakula, hanipi maneno. Namwelewa.

Jumamosi, 31 Januari

Idi imepita jana. Leo basi la kwanza limevuka, na Mkamba anayeuza magazeti stendi amepokea mafungu ya wiki zote. Nilisoma nikiwa nimesimama stendi, matope yanapita viatuni. Haidari alikuwa mgonjwa wa moyo, alikuwa anamlinda Zena asije akampenda akabaki mjane. Amesamehewa. Wiki ijayo inaanza hadithi nyingine.

Nimeyaacha juu ya meza ya muuzaji.

Jumatatu, 2 Februari

Leo nimekwenda kwenye taar, redio ya kuita watu wa miji ya mbali, iliyo nyuma ya duka la Alio. Jana niliacha ujumbe kwamba Ilhan wa Mandera aitwe saa nne. Sikudhani atakuja. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaongoja Wajir, Dadaab na Mandera, na kila neno kwenye taar linasikiwa na benchi lote, na mabenchi ya miji mingine pia. Hakuna mahali pengine pa kuzungumza na dada yangu.

Alio alinipa kipaza sauti, akanikumbusha kumalizia kila zamu kwa "ovaa". Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti yake, ndogo kama inatoka chini ya sufuria.

"Nakusikia. Ovaa."

Nilimsalimu. Nilimuuliza habari za Mama. Alijibu salama. Nilisema, "Abaayo, nataka ujue kwa kinywa changu. Nilimkataa. Wallahi nilimkataa. Ovaa."

Mkwaruzo ulidumu. Watu wa benchi walitazama miguu yao.

"Alikuuliza siku uliyoleta sanduku? Ovaa."

"Siku hiyo. Ovaa."

"Na ulimkataa siku hiyo? Ovaa."

Ningeweza kusema ndiyo. Mustafe peke yake ndiye anayejua, na yeye hana sababu ya kusema. Nilibonyeza kitufe, na nilisikia pumzi yangu ikienda mpaka Mandera.

"Siku ya tatu," nilisema. "Ovaa."

Safari hii hakukawia.

"Basi unamjua jinsi nilivyomjua," alisema Ilhan. "Usinipigie tena. Ovaa."

Nilikaa nimekishika kipaza sauti. Alio alisubiri kwa adabu, kisha akakitoa mkononi mwangu kidole kimoja kimoja, akamwita mzee wa Wajir.